Tusikate ulimi wa mtoto kabla ya kupima masikio yake

Katika miji inayouzunguka Mlima Kenya, tangu Nyeri, Karatina na Othaya hadi Nanyuki, Kerugoya na Chuka, kuna imani moja ambayo daktari hukutana nayo mara tu anapofungua mlango wa kliniki yake. Mtoto akikawia kusema, wakubwa humfunua kinywa wakatazama chini ya ulimi. Wakiona uzi pale, basi shauri limekwisha: ulimi umefungwa, nao hauna budi kukatwa. Na kwa kuwa karibu kila binadamu ana uzi chini ya ulimi wake, anayeutafuta hakosi kuuona.

Maoni yangu kuhusu jambo hili ni mafupi, na ningependa wazazi wayasikie kabla ya kumpeleka mtoto kwa mkataji yeyote, awe mganga wa kijijini au mtu mwenye cheti ukutani. Wako watoto wachache ambao uzi huo unawazuia kunyonya, na hao wafaa kusaidiwa mapema badala ya mama kuambiwa avumilie. Lakini kumkata ulimi mtoto wa miaka miwili au mitatu kwa sababu hasemi, bila kupima masikio yake kwanza, ni kumpotezea wakati ambao hataupata tena.

UZI WENYEWE

Simama mbele ya kioo uinue ulimi wako. Utaona utando mwembamba unaouunganisha ulimi na sakafu ya kinywa. Kwa watoto wengine utando huo huwa mfupi au mnene, au huwa umeshikana karibu sana na ncha ya ulimi. Mtoto akilia, ulimi hauinuki vizuri, na ncha yake huvutwa katikati ikafanana na kopa la karata.

Hesabu za wataalamu hutofautiana kwa sababu kila mmoja hupima kwa kipimo chake, lakini nyingi huwa kati ya watoto 4 na 10 kwa kila 100 wanaozaliwa. Wavulana ni wengi kuliko wasichana, na mara nyingine hali hii huonekana katika ukoo mmoja kizazi baada ya kizazi. Si laana, wala haitokani na kitu alichokula mama alipokuwa mja mzito. Wengi wa watoto hao hunyonya, hula na kusema bila taabu, na wengine huzeeka bila kujua kwamba ulimi wao una tofauti na wa jirani.

Kwa hiyo si vyema kuuliza kama uzi upo. La kuuliza ni kama ulimi unafanya kazi yake.

KWA MTOTO MCHANGA, KAZI NI KUNYONYA

Mtoto anyonyapo vizuri hufungua kinywa wazi, na ulimi wake hutokeza juu ya ufizi wa chini ukalipokea titi, chuchu pamoja na sehemu nyeusi inayoizunguka. Ulimi usipoweza kutokeza, mtoto hushika chuchu tupu na kuitafuna kwa ufizi. Mama huumia, chuchu hupasuka na kutoa damu, titi haliishi maziwa, na baada ya siku chache maziwa yenyewe huanza kupungua. Mtoto naye hunyonya saa nzima, husinzia kwa uchovu, kisha huamka baada ya muda mfupi akilia njaa.

Hapo ndipo ushauri wa kila namna humiminika. Cucu husema mama hajala njahi za kutosha. Jirani huleta uji mwepesi. Mwingine hushauri maziwa ya ng'ombe yaliyotiwa maji, nayo hayakosekani huku kwetu. Kabla ya mwezi kwisha, mtoto anaharisha na mama amekata tamaa.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 60 kwa kila 100 walio chini ya miezi sita nchini Kenya hunyonyeshwa maziwa ya mama pekee. Katika utafiti wa 2008-09 walikuwa 32 tu. Hiyo ni hatua ya kujivunia. Hata hivyo, utafiti wa 2014 ulikuwa tayari umefikia 61, maana yake tumesimama palepale. Sababu ni nyingi, ikiwemo kazi ya mashambani na ya mjini inayomwita mama mapema. Lakini miongoni mwa kina mama walioacha, wako walioacha kwa sababu ya maumivu ambayo hakuna mtu aliyekaa chini kuyachunguza.

Nikisema hivyo, sisemi kwamba kila chuchu iliyopasuka yatokana na ulimi. Mara nyingi zaidi kosa liko katika namna mtoto alivyopakatwa. Kabla ya kufikiria mkasi, muuguzi anayeujua unyonyeshaji yafaa akae na mama, atazame mtoto akinyonya tangu mwanzo hadi mwisho, na amrekebishe. Tumbo la mtoto liguse tumbo la mama. Pua yake ielekee chuchu. Mama angoje kinywa kifunguke wazi kabla ya kumsogeza, na kidevu kiguse titi. Mama wengi hupata nafuu kwa hayo peke yake.

Muuguzi huyo huyo atazame pia kaakaa la mtoto, kwa jicho na kwa kidole safi, kwa maana mwanya mdogo katika kaakaa nao huharibu kunyonya na ni rahisi kupitwa. Kisha afungue kijitabu cha kliniki atazame uzito. Mtoto hupungua kidogo siku za kwanza, lakini kufikia wiki mbili yapasa awe ameurudia uzito wake wa kuzaliwa, na baada ya hapo aongeze gramu 20 hadi 30 kwa siku. Mtoto anayeshiba hukojoa nepi sita au zaidi kwa siku tangu mwisho wa wiki ya kwanza.

Ikiwa haya yote yamefanywa na bado mama anaumia au uzito haupandi, na ulimi waonekana wazi umezuiliwa, basi kukata ni halali na hakuna sababu ya kuahirisha. Uchambuzi mmoja wa kimataifa uliotolewa mwaka 2017 uliunganisha majaribio matano yenye watoto 302. Ulionyesha kwamba maumivu ya mama hupungua muda mfupi baada ya kukatwa, ingawa haukuonyesha sawasawa kwamba kila mtoto hunyonya vizuri zaidi. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilipotoa mwongozo wake Julai 2024 kilifuata njia hiyo hiyo: msaada wa kunyonyesha kwanza, na mkasi kwa wachache ambao msaada huo haukuwatosha.

Kazi yenyewe, ikifanywa na mkono uliofunzwa, ni ya dakika chache. Mtoto wa wiki chache hufungwa vizuri katika shuka, ulimi huinuliwa kwa kifaa maalumu, na utando hukatwa kwa mkasi butu uliochemshwa kwa mitambo ya hospitali. Hutoka tone moja au mawili ya damu, na mtoto hupewa titi papo hapo, jambo linalomtuliza na kusaidia damu kukauka. Siku zinazofuata huonekana doa jeupe chini ya ulimi. Si usaha bali ni kidonda kinachopona, nacho hutoweka katika wiki moja au mbili. Hakuna haja ya kukisugua wala kukivuta kwa vidole kila saa kama wanavyoshauri baadhi ya watu mitandaoni. Hilo humuumiza mtoto bure na huweza kumfanya alikatae titi.

KUSEMA NI JAMBO JINGINE

Sasa tuje kwa mtoto mkubwa. Hebu msomaji utamke neno "mama". Kisha "baba". Kisha "kuku". Umeona kwamba ncha ya ulimi haikufanya lolote? Sauti za m na b hutengenezwa na midomo, na k hutengenezwa nyuma ya kinywa. Mtoto ambaye ncha ya ulimi wake imeshikwa kabisa anaweza kutamka maneno hayo yote matatu. Basi mtoto wa miaka mitatu asiyesema hata "mama" hakuzuiliwa na uzi. Kuna sababu nyingine, na kila siku inayotumiwa kuutazama uzi ni siku ambayo sababu hiyo haitafutwi.

Uzi mfupi sana unaweza kuathiri usafi wa sauti chache zinazohitaji ncha ya ulimi kuinuka, kama vile l, r na th. Mtoto wa namna hiyo husema, na husema sana, ila baadhi ya maneno hayatoki sawasawa. Huyo yafaa aonwe na mtaalamu wa matamshi kabla ya kuonwa na mkasi. Tukumbuke pia kwamba r ni sauti ambayo watoto wengi huichelewa bila ugonjwa wowote. Na tusichanganye mambo: Mgikuyu anayesema "rori" akikusudia lori hana ulimi uliofungwa. Lugha yake ya mama haizitenganishi sauti hizo mbili, basi. Nimeletewa mwanafunzi wa darasa la tatu kwa sababu hiyo, na mzazi aliyemleta aliniambia kwamba mtoto ana shida ya "urimi". Tulicheka wote watatu, wakaenda zao bila kukatwa mtu.

Wazazi hunijibu: lakini daktari, mtoto wa fulani alikatwa na mwezi huohuo akaanza kuongea. Siwabishii walichokiona. Ila watoto wengi hukatwa kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka miwili na nusu, wakati uleule ambao mtoto aliyechelewa kidogo huanza kusema mwenyewe. Ukimnyoa nywele mwezi huo ungesema ni wembe wa kinyozi uliomfungua. Wale waliokatwa wasiseme hawasimuliwi sokoni, bali hutufikia sisi hospitalini.

Nao hutufikia wamechelewa. Nakumbuka mvulana aliyekaribia miaka minne ambaye alikuwa amekatwa mara mbili na watu wawili tofauti. Mama yake alisema ni mkaidi tu, kwani anasikia anapotaka: mlango ukibamizwa hugeuka. Kumbe alikuwa akiuhisi mtetemo wa sakafu. Alipopimwa ilionekana kwamba masikio yote mawili hayasikii, na mama akakumbuka kwamba akiwa na miezi minane mtoto alilazwa kwa homa ya uti wa mgongo. Miaka mitatu ilikuwa imepita. Katika miaka hiyo mtoto huyo hakupata lugha yoyote, si ya mdomo wala ya mikono.

Hiyo ndiyo hasara ninayoizungumzia. Ubongo wa mtoto hujifunza lugha kwa wepesi zaidi katika miaka ya kwanza. Mtoto asiyesikia anaweza kusaidiwa kwa vifaa vya kusikia, na anaweza kufundishwa Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo Katiba ya 2010 inaitambua. Hatuko mbali na msaada. Iko shule ya viziwi Tumutumu, karibu na Karatina, iko nyingine Kerugoya, na Meru iko Kaaga. Lakini mlango wa shule hizo hupitiwa na mtoto ambaye mtu alishuku masikio yake.

Wazazi wazingatie umri. Kufikia miezi sita hivi mtoto hugeukia sauti na kucheza na sauti yake mwenyewe. Afikapo mwaka mmoja anabwabwaja na huwa karibu na neno lake la kwanza. Afikapo miaka miwili huunganisha maneno mawili, kama "maziwa zaidi" au "baba kuja". Asiyebwabwaja kwa mwaka, asiye na neno hata moja kwa mwaka na nusu, au asiyeunganisha maneno kwa miaka miwili, apelekwe apimwe. Na apelekwe haraka zaidi ikiwa alizaliwa kabla ya wakati, alipata umanjano mkali siku za kwanza, aliugua homa ya uti wa mgongo au surua, hutokwa usaha masikioni, alidungwa dawa kama gentamaisini kwa muda mrefu, au kuna kiziwi katika ukoo. Kumpigia sufuria nyuma ya kichwa si kipimo. Masikio yakipatikana kuwa mazima, bado daktari atatazama mengine, kama usonji, mtindio wa ubongo, au mtoto anayekaa siku nzima mbele ya televisheni bila mtu wa kuzungumza naye.

MDOMO WA JUU NA MWANYA

Siku hizi limezuka jambo jipya. Wazazi vijana huja na simu mkononi, wameonyeshwa picha za uzi unaounganisha mdomo wa juu na ufizi, wakaambiwa kwamba nao lazima ukatwe. Uzi huo ni sehemu ya kawaida ya kinywa cha mtoto mchanga, na mwongozo huohuo wa 2024 hauungi mkono kuukata kwa ajili ya kunyonya. Wengine huogopa kwamba utaacha mwanya kati ya meno ya mbele. Mwanya wa meno ya utotoni hauna ubaya, na mara nyingi hujifunga wenyewe meno ya kudumu yanapotoka, hasa chonge za juu zinapoota katika umri wa miaka 11 au 12. Ukibaki, daktari wa meno atashauri wakati huo. Na kwa Waswahili mwanya ni urembo, hata mtu angeweza kukusihi usiuzibe.

Tujifunze kwa walioanza mbio hizi kabla yetu. Katika hesabu za hospitali za Marekani, watoto waliotajwa kuwa na ulimi uliofungwa walipanda kutoka 3,934 mwaka 1997 hadi 32,837 mwaka 2012. Sidhani kwamba ndimi za watoto wao zilibadilika katika miaka 15. Kilichobadilika ni macho ya wanaotazama, pamoja na bili zinazoandikwa. Mwali wa leza hugharimu zaidi, na haujathibitishwa kuwa bora kuliko mkasi.

MTOTO AKILILIA WEMBE

Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe. Hapa mtoto hakuulilia. Tunaoulilia ni sisi wakubwa, naye ndiye anayekatwa. Chini ya ulimi pana mishipa mikubwa ya damu na vijia vinavyoleta mate. Wembe ukiteleza, damu haikomi kwa urahisi, na mtoto wa siku chache hana damu ya kupoteza. Aliyezaliwa nyumbani asidungwe vitamini K, au mwenye ugonjwa wa damu wa kurithi kama hemofilia, anaweza kutokwa damu hadi kufa kutokana na jeraha dogo. Wembe uliotumiwa kwa mwingine huleta virusi vya Ukimwi na homa ya ini, na uliochafuka huleta pepopunda. Haya ninayoyasema juu ya uzi wa ulimi nayasema pia juu ya kukata kilimi, desturi ambayo bado ipo katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki kwa madai ya kutibu kikohozi. Kilimi hakileti kikohozi. Kikohozi cha mtoto kikichunguzwa huenda kikawa nimonia au kifua kikuu, na hayo yana dawa.

Siwatukani wazee wetu. Walimwona mtoto ana shida wakafanya waliloweza kwa kifaa walichokuwa nacho. Sisi tuna vifaa vingine, na hatuna udhuru.

LA KUFANYA

Serikali za kaunti zetu zinaweza kulifanya jambo hili bila kujenga jengo jipya. Kila wodi ya kujifungulia iwe na muuguzi mmoja aliyefunzwa kutazama mtoto akinyonya, na mama asiruhusiwe kwenda nyumbani kabla mtu hajaona titi likishikwa vizuri na hajatazama kinywa. Wiki ya sita, mtoto aletwapo kwa chanjo, aulizwe mama kuhusu maumivu. Kwa wale wachache wanaohitaji mkasi, na kwa kila mtoto anayechelewa kusema, pawe na njia iliyo wazi ya kuwafikisha katika hospitali za rufaa kama Nyeri, Embu na Meru. Na kifaa cha kupima masikio ya watoto wachanga kisiwe anasa ya Nairobi. Shabaha inayokubalika duniani ni mtoto kupimwa masikio kabla ya mwezi mmoja, tatizo kuthibitishwa kabla ya miezi mitatu, na msaada kuanza kabla ya miezi sita. Huku kwetu wapo wanaogunduliwa wakiwa na miaka minne.

Kwa mzazi, ushauri wangu ni huu. Mtu yeyote akitaka kumkata mwanao ulimi, muulize maswali matatu. Uzi huu unamzuia mtoto kufanya nini hasa? Ni msaada gani umejaribiwa kabla ya kukata? Na ikiwa sababu ni kusema, masikio yake yamepimwa wapi na lini? Asiyeweza kuyajibu hayo, mshukuru kwa upole, umbebe mtoto wako, na uende hospitali.